Neno Lililokosekana Katika Daftari



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona kichekesho mwanzoni. Chekeni kwanza, kisha tuendelee. Huko Marekani, mtu akikwaruzwa na paka na akaenda hospitali, karani huandika katika karatasi zake namba hii: W55.03. Akiwa ameumwa meno na paka yule yule, namba ni W55.01. Na kama paka amemdhuru kwa njia nyingine, iko namba ya hayo pia, W55.09. Mtu aliyedonolewa na kuku ana namba yake, na aliyeumwa na nguruwe ana yake.

Nilipofundishwa mambo haya mara ya kwanza, katika semina ya makarani wa hospitali na zahanati, chumba kizima kilicheka. Kijana mmoja aliyeketi nyuma aliuliza kama iko namba ya mtu ambaye shati lake limeliwa na mbuzi. Tulicheka mpaka mwalimu mwenyewe akafuta machozi. Mimi nilicheka pamoja na wenzangu, lakini si kwa muda mrefu. Nilikumbuka juma moja la mwaka 2011 na daftari langu la wakati ule, nikanyamaza. Nataka kuwasimulieni habari za juma hilo, maana kosa lilikuwa langu, na yafaa mwenye kosa aliseme mwenyewe.

Wakati ule nilikuwa karani katika zahanati moja ya misheni. Kazi yangu ilikuwa kuketi mezani karibu na mlango, kuwauliza wagonjwa jina, umri, kitongoji na shida iliyowaleta, na kuandika yote katika daftari kubwa. Mwisho wa mwezi niliyahesabu magonjwa na kupeleka taarifa wilayani: malaria wangapi, kuhara wangapi, majeraha mangapi. Nafasi ya kuandika shida ya mgonjwa ilikuwa nyembamba, na foleni ilikuwa ndefu, hasa siku ya gulio. Basi nikajizoeza kufupisha. Mtu akija na mkono uliochanika, niliandika, "Jeraha, mkono." Akija na mguu uliovimba kwa kuumia, niliandika, "Jeraha, mguu." Mwandiko wangu ulikuwa mzuri na mistari imenyoka. Wakaguzi walipopita walilisifu daftari langu, nami nikajiona fundi.

Siku ya Alhamisi ya juma lile, yapata saa nne asubuhi, alikuja mzee mmoja amefunga kitambaa mkononi, na damu imekilowesha. Alisema kwamba alfajiri, alipokuwa akifungua mlango wa jiko, paka alimrukia. Hakuwa paka wake, wala hakumchokoza. Alimwuma kidole gumba, akamkwaruza mkono tangu kiwiko mpaka kiganja, wala hakuachia mpaka mzee alipompiga kwa kuni. Udenda ulikuwa ukimtoka. Wajukuu wa mzee walisema walimwona paka huyo tangu jana yake akizurura mashambani, akilia kwa sauti ambayo si ya paka.

Tabibu wetu alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha alimwita Sista mkuu wa zahanati, akaagiza maji na sabuni viletwe upesi, na mtoto atumwe kwa Bwana Mifugo. Bwana Mifugo alikuja na pikipiki yake. Alituambia kwamba katika kata ya jirani mbwa wawili walikuwa wamekufa kwa kichaa mwezi ule ule, na kwamba paka mwenye dalili kama zile hangojewi mpaka apimwe. Watu watibiwe kwanza.

Ndipo tabibu alipogeuka kwangu. "Karani," alisema, "juma hili wamekuja watu wengine waliokwaruzwa na paka?"

Nilifungua daftari. Tangu Jumatatu nilikuwa nimeandika majeraha saba. Jeraha, mkono. Jeraha, mguu. Jeraha, uso. Jeraha, mguu. Jeraha, mkono. Jeraha, kisigino. Jeraha, mkono. Nilisoma mara ya kwanza, nikasoma na mara ya pili, kana kwamba neno "paka" lingetokea lenyewe nikilitafuta sana. Nilijaribu kukumbuka nyuso za watu, lakini nani akumbuke nyuso za watu mia mbili wa juma zima? Sista alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma juu ya bega langu. Hakunikemea. Alisema tu kwa sauti ya chini, "Neno moja, Baba. Ungeongeza neno moja tu."

Wasomaji wapenzi, nimekemewa mara nyingi maishani, lakini sijapata kuumizwa na maneno ya ukali kama nilivyoumizwa na maneno yale ya upole.

Tuligawana majina. Sista alichukua pikipiki ya misheni akaenda kwa watu watatu wa mbali, nami nikapanda baiskeli yangu kwenda kwa wanne. Wa kwanza alikuwa kijana aliyeanguka kutoka juu ya mwembe. Wa pili alikuwa mama aliyejikata mguu kwa jembe. Wa tatu alikuwa mtoto wa shule aliyekanyaga mwiba ukaingia kisiginoni. Wote hao watatu waliniuliza kwa nini nimekuja na jua lile kuwauliza habari za majeraha yaliyokwisha kufungwa, nami niliona haya kuwaeleza.

Wa nne alikuwa binti wa miaka sita, yule wa "Jeraha, uso." Nilimkuta mama yake akitwanga. Nilipomwuliza ni nini kilichomkwaruza mtoto, alinijibu kama alivyonijibu siku ya Jumanne mezani pangu: miiba ya ua. Nilianza kuigeuza baiskeli. Lakini binti mwenyewe, aliyekuwa amekaa kizingitini akichezea magunzi, aliinua uso akasema, "Si miiba. Ni yule paka wa Bibi."

Mchi ulisimama hewani. Mama yule hakunitazama.

Hapo nilipata kuelewa mambo yote. Nyumba ya pili kutoka pale alikaa kikongwe mmoja mjane, asiye na mtoto wala mjukuu, naye alifuga paka. Mnajua wenyewe midomo ya watu vijijini. Kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, anayekaa peke yake na paka, haikosi ataundiwa hadithi. Minong'ono ilikuwa imekwisha kuanza. Mama yule alimpenda kikongwe, maana ndiye aliyemsaidia alipojifungua binti huyo. Aliogopa kwamba akisema "paka wa Bibi amemkwaruza mtoto wangu usoni," kesho yake watu watasema paka ametumwa, na keshokutwa watakwenda kwa kikongwe na mawe. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa maneno madogo kuliko hayo. Basi akasema ni miiba.

Kwa hiyo siwezi kumhukumu. Hakudanganya kwa ubaya, alidanganya ili kumkinga mtu asiye na mtetezi. Nami nisijisingizie, maana hata kama ningeandika kila kitu siku ile, ningeandika miiba. Lakini tazameni ilivyokuwa: neno lililomkinga kikongwe lilimwacha mtoto bila kinga, na kikongwe mwenyewe pia. Maana tulipokwenda nyumbani kwa Bibi tulimkuta ana makovu mabichi mikono yote miwili. Paka wake alimgeuka tangu Jumapili, alipotaka kumpa maziwa, kisha akakimbia. Bibi hakuja zahanati kabisa. Alisema, "Mwanangu, nani aende hospitali kwa kucha za paka?"

Sista naye alirudi jioni. Kati ya watu wake watatu, mmoja alianguka na baiskeli, mwingine alikatwa na chupa, na wa tatu, mvulana wa miaka kumi na miwili, alikwaruzwa na paka mkononi. Huyo alikuwa tayari kusema tangu mwanzo, ila hakuna aliyemwuliza. Mimi ndiye niliyekuwa mezani.

Watu wanne walipelekwa hospitali ya wilaya kesho yake asubuhi: mzee, mvulana, binti na Bibi. Nauli na gharama za chanjo zilikuwa nzito kwao, lakini Jumuiya zetu zilichanga, na Padre aliongeza kilichopungua. Wote walichomwa sindano zao kwa tarehe zilizopangwa, wala hakuna aliyeugua. Paka aliuawa na vijana siku ile ile na kuchomwa moto kabla Bwana Mifugo hajachukua kichwa chake kwenda kukipima, kwa hiyo maabara haikutoa jibu. Lakini huu si ugonjwa wa kubahatisha. Mtu akisha kuonyesha dalili za kichaa, karibu kila mara hufa. Kabla ya dalili, chanjo humwokoa.

Tangu siku ile niliandika kila kitu. "Jeraha, mkono, jembe." "Jeraha, mguu, alianguka mtini." "Jeraha, uso, paka." Nafasi ilipokuwa nyembamba niliandika herufi ndogo.

Sasa turudi kwenye ile semina ya kuchekesha. Mwalimu alitueleza kwamba makarani wa dunia nzima walikwisha kuona shida hii kabla yetu. Kila nchi iliandika magonjwa na vifo kwa maneno yake, na daktari wa mji huu hakuweza kulinganisha hesabu zake na za mji mwingine. Mwaka 1893, katika mkutano uliofanyika Chicago, daktari mmoja Mfaransa aliyeitwa Jacques Bertillon, mkuu wa ofisi ya takwimu ya mji wa Paris, alileta orodha moja ya sababu za vifo ili nchi zote ziitumie. Orodha hiyo ilirekebishwa mara kwa mara. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani liliichukua, na katika toleo la sita yakaingizwa pia magonjwa na majeraha ya watu walio hai, si vifo tu. Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990, nalo ndilo tulilofundishwa sisi. Toleo la kumi na moja lilianza rasmi tarehe 1 Januari 2022, na nchi zinahamia huko polepole.

Jambo lililonigusa katika orodha hiyo ni hili. Jeraha huandikwa kwa namba mbili. Namba ya kwanza husema mwili umeumia wapi na namna gani. Namba ya pili husema ni kitu gani kilichouumiza. Michubuko midogo ya kichwa na uso iko chini ya S00, ya mkono wa chini, kati ya kiwiko na kifundo, chini ya S50, na ya kifundo cha mkono na kiganja chini ya S60. Lakini S00 peke yake ni kama lile neno langu "Jeraha, uso." Ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo inayomwambia tabibu afanye nini kesho.

Usiku ule, katika bweni la semina, nilichukua kalamu nikawapa namba watu wangu saba wa mwaka 2011. Kijana wa mwembe alipata W14, kuanguka kutoka mtini. Mama wa jembe alipata W27, kuumizwa na chombo cha mkono. Mtoto wa mwiba alipata W60, maana miiba ya mimea nayo ina namba yake. Aliyekatwa na chupa alipata W25. Aliyeanguka na baiskeli alipata V18. Binti na mvulana walipata W55. Nilitazama ile safu ya namba kwa muda mrefu. Watu saba ambao katika daftari langu walifanana kama maharage, sasa kila mmoja alikuwa na habari yake. Na wawili waliokuwa hatarini walionekana mara moja, bila baiskeli.

Namba si dawa ya kila kitu. Katika orodha ya kimataifa ya toleo la kumi, mbwa ana namba yake peke yake, W54, na mamba ana yake, W58, lakini paka amechanganywa na wanyama wengine wanyonyeshao katika W55. Wamarekani ndio waliogawa zaidi katika orodha yao, ambayo hospitali zao zilianza kuitumia tarehe 1 Oktoba 2015. Wao hutofautisha meno na kucha. Tena huongeza herufi mwishoni kuonyesha kama mgonjwa yuko katika matibabu yenyewe, au katika kipindi cha kupona, au amerudi kwa madhara yaliyobaki baadaye. Kwao namba hizo hutumika sana pia katika kudai malipo ya bima, na huenda ndiyo maana wamechambua mambo mpaka kuku. Sisi wa vijijini hatuhitaji yote hayo. Lakini iwe namba ndefu au neno fupi, karani aweza kuandika tu lile aliloambiwa. Kama mgonjwa amesema miiba, hata Marekani itaandikwa miiba.

Ndiyo sababu leo nawaandikia ninyi, wala siwaandikii makarani.

Kwanza, wazazi, acheni kufikiri kwamba kichaa ni cha mbwa peke yake. Jina lenyewe limetupoteza. Tumeuita ugonjwa huu "kichaa cha mbwa," na kweli karibu wote wanaoupata hupewa na mbwa. Lakini paka huupata pia, na ng'ombe, na punda, na mbweha, na kila mnyama anyonyeshaye aweza kuupata. Ugonjwa hukaa katika mate. Paka hulamba kucha zake mchana kutwa, kwa hiyo kucha nazo si za kudharauliwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na katika kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Watoto ndio wanaocheza na wanyama, na watoto ndio wanaoogopa kusema.

Pili, mtu akiumwa au akikwaruzwa na mnyama, osheni jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15 nzima. Msipake mavi ya ng'ombe wala majivu, wala msifunge jiwe. Dakika 15 ni nyingi kuliko mnavyofikiri, kwa hiyo msaliti njiani. Kisha nendeni zahanati siku ile ile, hata kama damu haikutoka. Mchubuko mdogo usiotoa damu waweza kuhitaji chanjo, na uliotoa damu huhitaji chanjo na dawa nyingine ya kinga. Wazee wetu walizisikia sindano za tumboni wakaziogopa. Siku hizi chanjo hii huchomwa mkononi. Tena msiseme, "Imepita wiki mbili, wala sijaugua." Ugonjwa huu mara nyingi hujificha miezi miwili au mitatu kabla ya kujitokeza. Aliyechelewa na aende hata kama amechelewa. Na muulizeni mhudumu juu ya chanjo ya pepopunda pia.

Tatu, usisahau jeraha kwa sababu limepona. Uko ugonjwa mwingine unaoletwa na kucha za paka, hasa vitoto vya paka wenye viroboto. Huo ni mdogo kuliko kichaa, nao una namba yake, A28.1. Huanza kwa kipele pale alipokwaruzwa mtu, kisha baada ya wiki moja au zaidi tezi za kwapani au shingoni huvimba, na homa huja. Wengi hupona, wengine huhitaji dawa. Lakini tezi iliyovimba yaweza kumfanya tabibu afikirie kifua kikuu au uvimbe mbaya, naye atatafuta huko mpaka mtu amkumbushe kwamba mwezi uliopita mtoto alicheza na kitoto cha paka. Aliye na neno hilo ni mama. Tabibu hana njia nyingine ya kulijua.

Nne, na hili ndilo kubwa, semeni ukweli mezani. Najua kwa nini watu huficha. Mtoto huficha kwa sababu alikuwa akimvuta paka mkia. Kijana huficha kwa sababu alikuwa akiiba maembe alipoanguka. Mke huficha kwa sababu aliyemwumiza ni mume wake, naye husema, "Niligonga mlango." Jirani huficha ili asimchongee jirani. Kila mmoja ana sababu yake, na nyingine ni sababu za huruma. Lakini sisi Wakristo twajua desturi moja nzuri. Tukienda kwa Padre katika kitubio hatusemi, "Nimekosa" tu, tukatoka. Twasema tumekosa nini. Kosa lisilotajwa halipati shauri. Jeraha nalo ni hivyo hivyo. Mwambie mhudumu kwa sauti ndogo, kama unaogopa foleni ikusikie, lakini mwambie. Ukitaka, omba kuingia ndani kwanza. Nasi tunaokaa mezani tunapaswa kuyafunga masikio ya wengine na vinywa vyetu wenyewe.

Na juu ya uchawi nawaambieni lile nililoliona kwa macho yangu. Minong'ono juu ya yule Bibi iliisha siku ile ile neno "paka" liliposemwa waziwazi mbele ya tabibu na Bwana Mifugo. Watu walijua kwamba ni ugonjwa, kwamba ulitoka kwa mbwa wa kata ya jirani, na kwamba mtu wa kwanza kuumizwa alikuwa Bibi mwenyewe. Walimwona akipanda gari moja na mzee na watoto kwenda kuchomwa sindano. Uongo wa miiba ulitaka kumkinga, lakini ni ukweli wa paka uliomkinga.

Bibi aliishi miaka mingine sita, akafa kwa uzee, amepakwa mafuta matakatifu. Binti yule amemaliza shule. Kovu limebaki shavuni, dogo kama uzi. Nikimwona kanisani siku za Jumapili hukumbuka ile habari ya mchungaji aliyewaacha kondoo wengi akaenda kumtafuta mmoja. Sijilinganishi na mchungaji huyo hata kidogo, maana kondoo wangu nilimpoteza mimi mwenyewe kwa uvivu wa kalamu. Lakini nimejifunza kwamba kumtafuta aliyepotea ni kazi ngumu mara saba kuliko kumwandika vizuri alipopita mlangoni.

Mimi sasa nimestaafu. Daftari limechukuliwa na kijana mwenye mwandiko mbaya kuliko wangu. Nilipokwenda mwezi uliopita kupima shinikizo la damu, alimwuliza mtu aliyekuwa mbele yangu, "Umeumia wapi?" Yule akaonyesha mguu. Kijana akainua kalamu, nami moyo ukanipiga. Kisha akauliza tena, "Umeumizwa na nini?" akangoja jibu.

Nilikaa kwenye benchi langu nikamshukuru Mungu.